Chupa Yenye Jina la Zulekha

Jumanne ya saba nilijifungia msalani kama kawaida, nikajaza chupa, nikaikaza kifuniko na kuifuta kwa kipande cha leso kuukuu. Juu yake palibandikwa karatasi nyeupe yenye jina la wifi yangu, Zulekha, na namba yake, arobaini na moja. Mkojo ulikuwa wangu.

Nilipotoka, mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Imejaa?"

"Imejaa."

"Nenda upesi, urudi upesi. Wakiuliza, sema Zulekha hajambo, amechoka tu, jua ni kali."

"Mama, lakini kichwa chake..."

"Kichwa cha nani hakiumi? Mimi nilibeba mimba tisa. Nenda."

Nilichungulia chumbani. Zulekha alilala ubavu juu ya kitanda cha kamba, leso ameifunga kichwani kwa nguvu kama anayezuia kitu kisitoke. Uso wake ulikuwa umefura, macho yamekuwa madogo. Pete ya ndoa ilimbana kidoleni hata nyama imepanda pande zote mbili.

"Wifi," nilinong'ona. "Ulikunywa kidonge?"

"Nilikunywa." Kisha akasema polepole, "Mwanaima, ukutani kuna vimulimuli?"

Ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Ukutani hapakuwa na kitu.

"Hakuna, wifi."

"Basi ni macho yangu. Na hapa," alishika chini ya mbavu, upande wa kulia, "pananichoma tangu alfajiri."

Nilitoka nikiwa na chupa ndani ya kikapu. Kutoka kwetu hadi zahanati ni mwendo wa nusu saa, na nusu saa nzima miguu yangu ilikuwa haijui iende upesi au irudi.

Zulekha ni mke wa kaka yangu Athmani, ambaye mwaka ule alikuwa baharia wa meli za mizigo, maana wageni wa hoteli za Galu walikuwa wametoweka na mashua yake ya kuwatembeza ilikuwa imelala mchangani bila kazi. Mimba ya kwanza ya Zulekha iliharibika ikiwa na miezi saba. Alipatwa na kifafa, mtoto akazaliwa amekufa. Mama alisema anajua sababu. Siku chache kabla ya msiba ule alimwona mtu nyuma ya nyumba akichota mchanga, palepale Zulekha alipokuwa akijisaidia haja ndogo. Mtu huyo hakumtaja hata siku moja. Ila tangu hapo, kitu cha mwili wa Zulekha hakikutoka nyumbani. Nywele zilichomwa. Kucha zilifukiwa. Maji aliyoogea Zulekha, mama aliyamwaga mwenyewe.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipofika mwezi wa sita, na zahanati ikaleta mradi wa vidonge, mama alikubali vidonge lakini si chupa.

Nilikuwapo siku ile Sista Syovata alipoeleza. Yeye ni Mkamba wa kule Shimba Hills, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mbali. Alitukalisha kwenye benchi sisi wote, wenye mimba na waliowasindikiza.

"Kondo la nyuma ndilo linalomlisha mtoto," alisema. "Likikosa damu ya kutosha, linakuwa kama jiko lililotiwa kuni mbichi. Halizimiki, haliwaki, linatoa moshi tu. Oksijeni, hii hewa inayotupa uhai, ikiharibika hivyo inageuka kitu kikali. Kinaingia kwenye damu ya mama na kuikwaruza mishipa yake kwa ndani. Mishipa inabana, presha inapanda, figo zinaanza kuvuja. Mama anavimba, mwisho anapata kifafa. Wataalamu wanafikiri vitamini C na vitamini E zinaweza kupunguza moshi huo. Nimesema wanafikiri. Hawajui. Ndiyo maana nusu yenu mtapewa vitamini, na nusu vidonge visivyo na kitu. Nani kapata kipi, hata mimi sijui."

"Kwa hiyo tunaweza kuwa tunameza unga?" aliuliza Kache, mwanamke wa jirani asiyekosa neno.

"Unaweza."

"Basi mimi nipe wa ugali, nikasonge."

Watu walicheka. Sista naye alicheka, kisha akainua kidole. "Lakini mkojo ni wa lazima, kila Jumanne. Mkojo ndio utakaotuambia kama figo zinavuja. Na mkiona kichwa kinauma hakiachi, au vimulimuli machoni, au maumivu chini ya mbavu, msingoje Jumanne. Njooni siku hiyohiyo."

Tulipofika nyumbani mama aliishika ile chupa kwa ncha za vidole. "Watu wasiojulikana, mjini kusikojulikana, wabaki na mkojo wa mkwe wangu ndani ya chupa yenye jina lake? Waliochota mchanga walihangaika bure, kumbe wangengoja tu wapelekewe." Kisha akanitazama mimi. "Wewe utajaza. Wako hauna cha kuibwa."

Zulekha alitazama chini. Mkwe hamwambii mavyaa wake hapana. Nami sikumwambia mama hapana, maana sijawahi kumwambia mtu yeyote hapana. Mama alituapisha wote wawili tusitoe neno.

Jumanne sita Sista alichovya kijiti chake ndani ya mkojo wangu, akakitazama, akaandika kwenye kadi ya Zulekha: safi. Jumanne ya tano alifurahi hata akampiga Zulekha begani. "Wewe uliyepata kifafa mara ya kwanza! Nafikiri hivi vidonge vinafanya kazi." Jumanne ya sita alimpima presha, akakunja uso kidogo. "Imepanda. Si sana. Miguu nayo imeanza kuvimba. Kama mkojo ungekuwa mchafu ningekupeleka hospitali ya Msambweni leo. Lakini ni safi. Pumzika, punguza chumvi, urudi wiki ijayo."

Sasa wiki ijayo ilikuwa imefika, na Zulekha hakuweza kuinuka.

Zahanati ilikuwa imejaa. Landrova ya mradi ilikuwa tayari chini ya mkorosho, na Mulinge, dereva wake, alikuwa akipanga chupa ndani ya kasha la barafu. Ilikuwa desturi yake kuondoka saa tano kamili. Benchi zima la wanawake liligeuka kunitazama nilipoingia peke yangu.

"Zulekha yuko wapi?" aliuliza Sista.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Zulekha yuko wapi?"

"Hajambo. Amechoka tu. Jua." Maneno ya mama yalitoka yenyewe.

Sista alinitazama kidogo, akaichukua chupa, akachovya kijiti. Nilikitazama kile kijiti. Nilimwomba Mungu kigeuke kijani, figo zangu ziwe ndizo zinazovuja, nisilazimike kusema lolote. Kilibaki njano.

"Safi tena," alisema Sista, akaandika. "Mwambie akipata nguvu aje nimpime presha. Anayefuata!"

Niliichukua kadi. Nilitoka. Nilifika kwenye mkorosho, nikapita Landrova, nikafika barabarani. Pale nilisimama. Nilimwona Zulekha akiniuliza kama ukutani kuna vimulimuli, na aliuliza kwa adabu, kama anayeniomba nimpe jibu zuri. Yeye alisikia maelezo ya Sista kama nilivyosikia mimi. Alijua. Alikuwa amelala pale akijua, na aliyetoka nyumbani na kuweza kusema nilikuwa mimi peke yangu.

Nilirudi. Sista alikuwa amemfunga Kache kile kitambaa cha presha mkononi na anapuliza.

"Sista."

"Ngoja."

"Sista, mkojo si wake."

Aliacha kupuliza. "Umesemaje?"

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na benchi lote likasikia. "Mkojo ni wangu."

Mtu akaguna, na Kache akapiga kofi. "Haa! Mwanaima! Una mimba? Na bwana ni nani, mbona hatukuambiwa tule pilau?"

Wanawake waliangua kicheko. Uso wangu uliwaka moto. Zamani ningekimbia. Lakini Sista hakucheka. Alikitoa kile kitambaa mkononi mwa Kache na kusimama.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Zote. Mama anaogopa mkojo wake utoke nyumbani."

"Zote," alirudia. Akashika ukingo wa meza. "Jumanne iliyopita pia? Nilipomrudisha nyumbani?"

"Pia."

"Sasa yuko vipi? Usiniambie jua."

Nikamwambia. Kichwa, vimulimuli, mbavu. Kicheko kwenye benchi kilikatika hapo hapo. Kache alishuka mwenyewe kutoka kwenye kiti. "Nenda, Sista," alisema. "Sisi tutangoja."

Sista alikwisha kukamata mkoba wake. Aliingiza mashine ya presha, kichupa chembamba cha kioo, chupa ndogo ya siki, sindano. "Mulinge! Acha chupa! Washa gari!"

Barabara ya kwetu ilikuwa imekatwa na zile mvua kubwa za mwanzo wa mwaka, na kalvati halikuwa limejengwa upya. Landrova ilifika kijitoni ikakosa njia. Tulishuka tukavuka kwa miguu, maji ya magoti, Sista ameshika viatu mkono mmoja na mkoba mkono wa pili. Mulinge alitufuata, akiita vijana wawili waliokuwa wakikata makuti waje nao.

Mama alituona tangu mbali. Alisimama mlangoni, mikono imeishika miimo yote miwili.

"Karibu, Sista," alisema. Kisha akanitazama mimi, na akanitazama hivyo mpaka nikaangusha macho. Alikuwa ameelewa.

"Shikamoo, Bi Kibibi. Nimekuja kumwona Zulekha."

"Marahaba. Amelala."

"Nitamwona akiwa amelala."

Sista alipita chini ya mkono wa mama. Nilisikia mpira ukipulizwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Alipotoka sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mia na sabini na tano, kwa mia na kumi na tano. Lazima aende Msambweni sasa hivi. Hivi ninavyozungumza nanyi anaweza kuanza kifafa."

"Mume wake yuko baharini," alisema mama. "Nyumba hii naisimamia mimi. Na hiyo mashine yako, Sista, ndiyo iliyosema Jumanne iliyopita arudi nyumbani. " Alininyang'anya kadi mkononi. "Kadi hii hapa. Soma mwandiko wako. Safi. Safi. Safi. Leo amegeukaje ghafla, kama si mkono wa mtu?"

"Niliandika safi kwa mkojo wa binti yako!"

"Basi umeshajua. Sikukupa wa mkwe wangu, na sitakupa. Mara ya kwanza nilimpoteza mjukuu kwa uzembe wangu. Sirudii."

Nilidhani Sista atapiga kelele. Alivuta pumzi. Alitazama uani, kwenye jiko ambalo juu yake mama alikuwa amebandika chungu cha kunde.

"Hautoki," alisema. "Bi Kibibi, nisikilize. Hata tone moja halitatoka uani kwako. Utaukinga wewe mwenyewe, kwa chombo chako. Nitauchemsha kwenye moto wako, mbele ya macho yako. Ukimaliza kuutazama, utaumwaga utakapo wewe. Mkojo safi ukichemshwa hubaki maji. Ukibaki maji, nitaondoka na sitarudi tena."

Kutoka chumbani Zulekha alikohoa. "Mama," alisema. Lilikuwa neno moja tu, lakini miaka mitatu aliyokaa kwetu sikupata kumsikia akimwita mama kwa sauti ile.

Mama aliingia na bakuli ya bati. Tulingoja nje. Mulinge alikuwa akitazama saa yake, halafu anatazama mbingu, halafu saa tena. Mama alitoka akiwa ameifunika bakuli kwa mkono wake. Mkojo ulikuwa kidogo sana, na wa rangi ya chai ya rangi.

Sista alijaza kichupa cha kioo hadi juu ya nusu, akakibana kwa koleo la makaa, akakiinamisha upande wa juu kwenye ndimi za moto. Sote tuliinama pale. Mkojo ulianza kutoa viputo vya hewa. Kisha pale juu palipopata moto pakafifia, pakawa na ukungu, na ukungu ukaganda, ukawa mweupe mzito kama ute wa yai uliotupwa kwenye maji yanayochemka. Sista alidondosha siki, maana weupe wa chumvi tu ungeyeyuka. Weupe haukuondoka. Ulizidi kuganda.

"Hicho ni nini?" aliuliza mama.

"Ni chakula cha mwili wake. Kinavuja kupitia figo. Hakitakiwi kuwa hapo, hata kidogo."

"Kimetoka kwake?"

"Umekikinga wewe."

Mama alinyoosha mkono. Sista akampa koleo na kichupa. Alikigeuza huku na huku, midomo inamchezacheza. Akaenda nyuma ya nyumba. Tulisikia jembe likigonga mara mbili. Aliporudi mikono ilikuwa na udongo, na alisema kwa haraka, kama vile sisi ndio tuliokuwa tukichelewesha, "Shikeni kitanda. Kitanda chote, msimwinue. Mwanaima, shika kichwani!"

Tulimbeba Zulekha juu ya kitanda chake, vijana wawili mbele, Mulinge na mimi nyuma, mama ubavuni akimfunika uso jua lisimpige. Tulipofika katikati ya kijito miguu ya Zulekha ilinyooka. Mkono wake uliokuwa umeshika ukingo wa kitanda ulijikunja. Macho yakageuka meupe.

"Msisimame!" alipiga kelele Sista. "Vukeni! Vukeni!"

Kitanda kilitikisika chote mikononi mwetu. Nilihisi mtikisiko ule ukipita kwenye mbao hadi mabegani mwangu. Kijana mmoja aliteleza, maji yakamfika kifuani, lakini hakuachia. Tulipomtua ukingoni Sista alimgeuza ubavu, akamsafisha povu mdomoni, akamchoma sindano pajani.

"Mshike hivi," aliniambia. "Ubavu. Ulimi usimzibe koo, mate yasimpalie. Ukimwachia alale chali, umemuua."

Nilimshika hivyo hadi Msambweni. Sikujua niko upande gani wa barabara. Nilijua tu pumzi yake, ikija kwa mkoromo, ikikatika, ikirudi. Mama alikaa nyuma ya Landrova miguuni pa Zulekha, anasoma Yasini kwa kunong'ona, na kila mara gari lilipogonga shimo alikuwa akianza aya upya.

Walimpasua saa nane ya mchana. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kama mkate wa bofulo, lakini alilia. Walimweka kwenye kisanduku chenye joto. Kuhusu mama yake, daktari hakutuambia kitu cha kushika. Alisema presha inashuka polepole, alisema tungoje. Zulekha alifumbua macho usiku huo na hakumjua mtu. Siku ya pili aliita jina la dada yake aliyefariki zamani. Mama alimwambia jina la mtoto alilochagua Athmani, akalirudia mara tatu, na Zulekha akamtazama kama anavyotazamwa mpita njia.

Mama hakunisemesha. Alinipa uji, alinipa leso ya kujifunika, lakini neno hakunipa. Nilikuwa nimevunja kiapo chake, na sikujua kama nilikivunja mapema vya kutosha.

Siku ya tatu Sista Syovata alikuja na karatasi. Alionekana hajalala. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akaifungua kalamu.

"Lazima niwaandikie watu wa mradi," alisema. "Namba arobaini na moja wataifuta. Kama alipewa vitamini au unga, wao wataona kwenye orodha yao, sisi hatutaambiwa. Na pengine visingesaidia vyovyote. Lakini mkojo wake ungetuambia mapema, hilo najua. Kwa hiyo wataniuliza nilipokeaje chupa za mtu mwingine. Nitaandika ukweli." Alinigeukia. "Jina lako kamili?"

Nilifungua mdomo.

"Usiandike la mtoto," alisema mama. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, na hakuinua macho. "Yeye alitumwa. Andika Kibibi binti Nzai."

Kalamu ilisimama, kisha ikaandika. Ilichukua muda mrefu, au niliona hivyo.

"Mara ngapi, Bi Kibibi?"

Mama alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu pale mlangoni.

"Sita," nilisema.

"Saba."

Sauti ilikuwa nyembamba, kavu, na ilitoka kitandani. Sote watatu tuligeuka. Zulekha alikuwa ametufumbulia macho, na macho yale yalikuwa yakihama kutoka kwa Sista kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kuja kwangu, yakikaa kila mahali kwa kitambo.

"Jumanne hii pia ulikwenda, Mwanaima," alisema. "Nilikusikia ukifunga mlango wa msala. Mtoto wangu yuko wapi?"